Namba 114 si ya kuchezea

Mhariri,

Juzi jioni, barazani hapa Ngamiani, nilimkuta kijana wa jirani akipiga 114 na kukata, wenzake wakicheka. Nilimkaripia, na hadi leo roho inaniuma. Namba hiyo ni ya Zimamoto na Uokoaji, kama 112 ilivyo ya polisi. Kuipiga ni bure, na pengine ndiyo maana wengine wanaidharau. Laini ile ni yetu sote: anayeishika kwa mzaha anamzibia njia mama ambaye jiko lake la gesi limeshika moto.

Hata sisi wakubwa tunakosea. Tunapayuka "njooni, tunaungua!" kisha tunakata. Waje wapi? Barabara zetu za Ngamiani zina namba, basi taja: barabara ya ngapi, karibu na msikiti au duka gani, kinachoungua ni nini, kuna mtu ndani au hakuna. Usikate mpaka mpokeaji aridhike. Baada ya hapo usianze kuwapigia ndugu; gari likipotea njia, wazimamoto watakutafuta kwa simu hiyohiyo.

Naomba uichapishe barua hii kabla shule hazijafungwa, maana likizo watoto hushinda na simu zetu.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga