Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Nimetoa salamu zote mbili kwa kuwa humu ukumbini wapo wa zote mbili.

Hesabu za fedha atazisoma mwekahazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililokula sehemu kubwa ya mwaka wetu: ni nini kinachotufanya jumuiya moja, ilhali Jumapili tunatawanyika kila mtu kanisani kwake?

Mwaka wenyewe ulituita kuliuliza. Imetimia miaka 1700 tangu maaskofu walipokutana mjini Nikea, katika Uturuki ya leo, mwaka 325, kwa wito wa Kaisari Konstantino. Ario, padre wa Aleksandria, alikuwa akifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ingawa ni bora kuliko viumbe wengine wote. Baraza likakataa: Mwana ni Mungu kweli aliyetoka kwa Mungu kweli, amezaliwa, hakuumbwa. Maneno hayo yamo katika Kanuni ya Imani tunayoiita ya Nikea; sehemu yake ndefu kuhusu Roho Mtakatifu tunaihusisha na baraza la Konstantinopoli, mwaka 381. Nikea walijadili pia siku ya Pasaka, na mwaka huu, pamoja na tofauti zote za kalenda, makanisa ya Mashariki na ya Magharibi yalisherehekea siku moja, tarehe 20 Aprili. Wengine waliona ni ishara. Mimi niliona ni nafasi ya kusali pamoja, nayo tuliitumia.

Katika masomo yetu, baadhi ya wanachama walitaka tuandike tamko letu wenyewe la imani, lenye vifungu vingi, na kila anayejiunga alitie sahihi. Hoja yao haikuwa ya kubeza; siku hizi lolote laweza kuitwa Ukristo. Kamati ilikataa, na mimi nilipiga kura upande huo. Kila kifungu kilichoongezwa juu ya Kanuni ya Imani kilimfungia nje mtu ambaye tayari yumo ndani: hiki kuhusu kunena kwa lugha, kile kuhusu utawala wa Kristo wa miaka elfu. Kanuni ya Nikea yatutosha: Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho; Mwana aliyefanyika mwanadamu, akasulubiwa, akafufuka, naye atarudi; Kanisa moja, ubatizo mmoja, ufufuo wa wafu. Tukifika kwenye Roho “atokaye kwa Baba”, wenzetu Waorthodoksi huishia hapo na wengine huendelea “na Mwana”. Kila mmoja asome kama kanisa lake linavyosoma. Sauti hupishana kidogo, na hajaumia mtu.

Kwenye ubatizo tulikwama, na sitaki kulipaka jambo hili rangi. Waraka wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni wa mwaka 1982, kuhusu ubatizo, ekaristi na huduma, unasema ubatizo ni tendo lisilorudiwa. Aliyebatizwa mchanga anausoma na kutulia. Ndugu zetu Wabaptisti nao wanajibu kwamba hawarudii chochote, kwa sababu kwao ubatizo huanza kuitwa hivyo pale mtu anapokiri imani yake kwa kinywa chake. Hoja hiyo ina uzito, na haitamalizwa na jumuiya kama yetu. Tulichokubaliana ni kidogo lakini kinafanya kazi: hakuna mwanachama atakayemwambia mwenzake kwamba hajabatizwa.

Meza ya Bwana pia hatuishiriki pamoja, maana kanuni za baadhi ya makanisa yetu haziruhusu. Badala yake tuna mlo wa pamoja baada ya sala. Mwanzoni wenye nafasi walifika mapema wakala, waliotoka kazini wakakuta sufuria tupu. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo hilihili: huyu ana njaa, yule amelewa. Sasa tunangojana. Walevi, nashukuru, hatukuwa nao.

Kilichonigusa zaidi mwaka huu ni maelezo ya Yustino Mfiadini, aliyeandika katikati ya karne ya pili, kuhusu ibada ya siku ya jua, yaani Jumapili. Walisoma kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii, kiongozi akahimiza, wakasimama kuomba, wakaleta mkate na divai, na mashemasi wakawapelekea wasiokuwepo. Wenye uwezo walitoa sadaka kwa hiari, na kiongozi akazitumia kuwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Haya yote yalikuwepo kabla ya Nikea. Watu walikuwa wakimtembelea mfungwa kwa jina la Kristo kabla maaskofu hawajakubaliana maneno ya kumweleza Kristo. Kwetu imekuwa kinyume: kukiri tunakiri vizuri, lakini zamu za kutembelea wagonjwa zimeelemea watu walewale, karibu wote akina mama. Wazee wenzangu, tusijifiche nyuma ya vikao.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, Kanuni ya Nikea iingie kwenye kifungu cha uanachama katika katiba yetu, bila nyongeza. La pili, mfuko wa wagonjwa na wafiwa utenganishwe na mfuko wa uendeshaji, na usiguswe hata uendeshaji ukipungukiwa. Najua la pili lina wapinzani, na mwekahazina ni mmoja wao. Nimemwomba azungumze kwanza.