Usiuze Hiyo Canter kwa Watu wa Skrepa

Mama Neema, kamwene.

Huku Morogoro tu wazima, watoto wanakusalimu, mvua ndiyo hiyo haina simile. Salamu nyingine zitakuja huko chini, maana tangu nisikilize ujumbe wako wa sauti, pale uliposema jamaa wa skrepa anakuja Jumamosi kubeba vyuma vya lori lako la Canter lililopata ajali, usingizi umeniruka. Shoga, usiuze. Hata bolti moja usimpe.

Kwanza tumshukuru Mungu dereva wako Shabani yuko hai na utingo katoka na michubuko tu. Kushuka mlima Kitonga na matenga ya nyanya yamepita bomba za bodi, unakanyaga breki pedali inazama mpaka chini, halafu mtu anafungua mlango anashuka kwa miguu yake! Kaka yako kaniambia lami ilikuwa nyekundu hadi trafiki wakaanza kuita magari ya wagonjwa wakidhani basi limepinduka. Nilicheka, kisha nikamkumbuka yule mama aliyeumia paja kwenye Noah mliyoigonga, nikanyamaza.

Sasa hilo neno lako: "Breki zilifeli, ni ajali ya Mungu, nani alaumiwe?" Hapo ndipo tunapoachana. Mimi kazi yangu hapa ofisini ni kuchapa majibu ya madai, na wenye magari karibu wote wanaanza na sentensi hiyo hiyo. Mahakama haiishii hapo. Inauliza: zilifeli kwa nini? Kuna kesi ya Embu Public Road Services ya 1968, ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, wakili wangu ananichapisha mpaka nimeikariri. Ajali yenyewe ikionyesha dalili ya uzembe, mwenye gari ndiye anayetakiwa kuonyesha chanzo kisichotokana na uzembe. Noah ilikuwa imepaki pembeni, Mama Neema. Yule mama hahitaji kujua breki zinafanyaje kazi. Wewe ndiye utakayesimama kueleza.

Na ile ya Uingereza, Henderson dhidi ya Jenkins, ndiyo inayonitisha zaidi kwa ajili yako. Lori lilikatika breki likiteremka mlima, likaua mtu. Kumbe bomba la mafuta ya breki lilikuwa limeliwa na kutu mahali ambapo huoni mpaka ulifungue lote. Wenye lori wakasema: tulikuwa tunakagua kila wiki, kutu ilijificha. Majaji wakagawanyika 3 kwa 2, na wenye lori wakashindwa. Hawakueleza lori lile lilikuwa limebeba mizigo gani na kupita wapi maisha yake yote, kwa hiyo nani ajue kama hawakupaswa kulikagua zaidi? Si hukumu ya kwetu, haimfungi hakimu wa hapa, ila mawakili wanaipenda sana. Mimi nilipoisoma nikawaza zile safari zako za mbolea, maana nayo hula chuma.

Ndiyo maana nang'ang'ania vyuma. Kile kibomba cha mafuta ya breki cha Canter yako ndicho shahidi wako. Kama kimepasuliwa na jiwe siku ile ile, ni habari moja. Kama kimeoza, ni habari mbaya, lakini heri uijue kabla ya upande wa pili. Kama fundi alikifunga ovyo, unaweza kumvuta naye aje ajibu. Kuna kampuni ya kufua nguo Uingereza, mwaka 1923, lori lao liliharibika ekseli likaleta hasara kwa sababu ya matengenezo mabovu, wakaponea kwa kuwa walilipeleka kwa mafundi wa kueleweka. Wewe ulimpelekea yule wa chini ya mwembe, na risiti zake naijua rangi yake: hewa. Hata hivyo anaweza kuandika alichofanya, na muuza spea pale stendi anakufahamu. Vyuma vikishayeyushwa unabaki na mdomo mtupu, na upande wa pili watasema umeficha ushahidi.

Halafu usiseme tena kwamba ulikuwa nyumbani Ilula umelala. Dereva ni wako, safari ni yako, nyanya ni zako. Na kama mzigo ulizidi, kibomba peke yake hakiwezi kubeba lawama yote.

Bima ndogo, kama ilikuwa hai, ni ya kumlipa huyo mama na Noah yake. Canter sahau. Ila kampuni ya bima ipewe taarifa kwa maandishi, tena wiki hii. Kwa mgonjwa nenda, mpelekee uji na matunda, kaa naye, huo ni utu. Usije tu ukaandikishana kwa mtendaji kwamba umekubali kosa na mmemalizana. Na akiwa kimya usijidanganye, ana miaka 3 ya kufungua madai.

Mchango wa Rehema nimetuma, mwambie Mama Sikujua aache kunitumia vikaragosi vya kulia. Vipi mguu wa babu?

Nijibu haya, tafadhali. Stika ya bima inaisha lini? Mkaguzi wa magari wa polisi ameshaiangalia Canter, au anasubiri umpelekee nauli? Mlipakia matenga mangapi? Shabani alikuwa kwenye gia au aliachia nyutro kuokoa mafuta, kama kawaida yake? Breki zilifunguliwa mara ya mwisho lini, na zile spea zilikuwa mpya au za mtumba? Kuna aliyepiga picha chini ya gari?

Wakili anarudi Jumatatu asubuhi. Njoo na kadi ya gari, na huyo Shabani awe hajagusa ulanzi.

Mimi wako,
Mama Tumaini