Risala ya Wafanyakazi wa Usafi, Dobi, Jikoni, Mochari na Lango kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari msimamizi wa hospitali, wakuu wa idara, viongozi wa kikundi chetu cha ustawi, wafanyakazi wenzangu wa zamu zote, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Hamjambo.

Mheshimiwa, karibu Kisumu, na ahsante kwa kuitikia mwaliko wetu. Sisi ndio tunaopiga deki wodini, tunaofua mashuka, tunaosukuma vitanda na mitungi ya oksijeni, tunaopika uji wa wagonjwa, tunaokaa langoni usiku na tunaowatunza marehemu. Wengi wetu tumeajiriwa kwa mkataba. Kikundi chetu kilianza kwa mchango wa mazishi, na siku hizi tunakopeshana karo na kodi ya nyumba. Hayo yanakwenda vizuri, hatutakuchosha nayo. Leo tuna jambo moja tu: namna tunavyopashwa habari ugonjwa wa hatari unapozuka.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza tarehe 27 mwezi huohuo. Katika majuma yale ya mwanzo, mwenzetu mmoja alitumwa kupiga deki chumba alimokuwa mgonjwa aliyehamishwa usiku. Aliingia na ndoo yake na glavu za kawaida. Alipotoka, dereva wa ambulensi akamuuliza mbona ameingia mle bila barakoa. Hivyo ndivyo alivyojua. Madaktari walikuwa wameelezwa, wauguzi walikuwa wameelezwa, lakini hakuna aliyekumbuka kwamba chumba kile kitahitaji kudekiwa na mtu. Usiku ule hakurudi kwake Nyalenda, kwa sababu anaishi na mama yake mzee. Alilala kwenye stoo ya mashuka. Majibu yake yalipotoka hakuwa na ugonjwa, lakini zile siku za kusubiri, anasema mwenyewe, hakuna aliyempigia simu kumuuliza hata kama amekula.

Mtu asipoambiwa, hujiambia mwenyewe. Wahenga walisema lisemwalo lipo, nasi wakati ule tuliamini kila lililosemwa kwenye simu zetu. Wenzetu wawili waliacha kuja kazini. Mwingine alifungiwa nyumba na mwenye nyumba wake aliposikia anafanya kazi hospitalini, naye hakuwa na neno la kumjibu kwa sababu hata yeye hakujua ugonjwa unavyoambukizwa. Tulikuwa tukipuliza klorini kila mahali, kuta, viti, hata viatu vya watu, tukiichanganya kwa kukadiria, mpaka vifua vinatuuma. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kumpulizia mtu dawa ile ni hatari kwake, na kwamba ndani ya nyumba ni afadhali kupangusa kwa kitambaa kuliko kupuliza. Klorini ya asilimia 0.1 inatosha kwa meza na vitasa, na asilimia 0.5 ni ya mahali palipomwagika damu nyingi. Maelezo hayo yalifika ofisini. Kwetu sisi tulioshika bomba la kupulizia yalichelewa sana.

Aliyetutoa gizani ni matroni wetu wa wakati ule. Hakungoja waraka. Alichukua ubao wa zamani wa darasa la kliniki akautundika kwenye mwembe ulio nyuma ya dobi, akasema kila zamu inapopokezana watu wote wasimame pale dakika kumi, wakiwa wameachiana nafasi. Asubuhi ilikuwa saa moja na nusu. Zamu ya usiku ilikutana saa kumi na moja jioni, kwa sababu ya kupata matatu kabla ya kafyu. Upande mmoja wa ubao aliandika kwa Kiswahili, upande wa pili kwa Dholuo. Aliandika wodi zenye wagonjwa wa Korona, barakoa zilizobaki stoo, na namba ya simu ya mtu wa kupigiwa usiku. Chini kabisa, Mheshimiwa, aliandika maneno mawili: "Bado hatujui." Mbele yake aliorodhesha yale maswali yetu ambayo hakuwa na jibu lake. Hatukumdharau kwa hilo. Tulianza kumwamini pale.

Ushauri ulipobadilika, alitueleza sababu ya kubadilika. Tulipoambiwa tufungue madirisha ya wodi hata wakati wa baridi, alieleza kwamba virusi hukaa hewani kwenye chumba kilichofungwa, na kuanzia siku hiyo hakuna mlinzi aliyegombana na mtu kuhusu dirisha. Mwenzetu akiwekwa karantini, jina lake halikuandikwa ubaoni, lakini palikuwa na zamu ya kumpigia simu na kumpelekea chakula mlangoni. Wa mkataba na wa kudumu walikuwa kwenye zamu hiyohiyo. Chanjo zilipofika nchini Machi 2021 na wahudumu wa afya wakatangulizwa, ni yeye aliyehakikisha majina ya wapishi na walinzi yanaingia kwenye orodha.

Kisha Delta, aina mpya ya virusi vya Korona, ikaja. Iligunduliwa hapa Kisumu Mei 2021, na Juni serikali ikaziwekea kaunti 13 za ukanda huu masharti makali zaidi, kuanzia Busia hadi Migori. Wodi zilijaa. Ubaoni ikaongezwa hesabu ya mitungi ya oksijeni, iliyojaa na iliyo mitupu, kila asubuhi na kila jioni. Tuliosukuma mitungi ile tulijua ni wapi pa kukimbilia kwanza. Ndugu wa mgonjwa aliyekuja akipiga kelele langoni, mlinzi aliweza kumjibu ukweli kwa upole. Na tulipompoteza mwenzetu wa dobi mwezi ule, matroni alitukusanya chini ya mwembe akatuambia kwa kinywa chake, kabla jambo hilo halijafika kwenye simu. Alilia mbele yetu. Mashine za kufulia zilizimwa saa nzima, na hakuna aliyetuuliza kwa nini.

Mheshimiwa, matroni yule alistaafu mwaka 2023. Ubao ukabaki mwembeni.

Mwishoni mwa Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox, ile homa ya nyani, nchini alitangazwa. Alipatikana mpakani Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Sisi tuko kwenye barabara ya malori yanayotoka Busia. Tulikwenda mwembeni asubuhi baada ya asubuhi, na ubao ulikuwa mtupu. Watu wa dobi, ambao ndio wanaoshika mashuka ya mgonjwa mwenye vidonda, walisikia habari za mpox kwenye redio.

Hatumlaumu aliyechukua nafasi ya matroni. Hakukuta popote palipoandikwa kwamba hiyo ni kazi yake. Wema wa mtu mmoja ulitubeba miaka mitatu, na aliposhika njia ukaondoka naye.

Kwa hiyo ombi letu ni kwamba dakika kumi zile ziandikwe kwenye mpango wa dharura wa hospitali, ziwe na afisa anayewajibika na msaidizi wake, na ziwahusu watu wa zamu zote, wa mkataba wakiwemo. Pamoja nazo iandikwe ile zamu ya kumpigia simu aliyetengwa, na siku za mshauri nasaha kuja kwetu, kwa sababu wako wenzetu ambao hadi leo hawapiti mlango wa mochari bila kusimama kwanza. Gharama yake ni chaki na nusu saa ya mtu kwa siku. Nakala ya mapendekezo yetu, kurasa mbili, tumeiambatisha na risala hii.

Matroni wetu yuko hapa nasi, safu ya pili, mwenye kitenge cha kijani. Zamu inapokezana saa kumi na moja jioni ya leo. Tunakuomba, Mheshimiwa, kabla hujaondoka, ufike naye mwembeni.

Ahsante.

Risala hii imesomwa na katibu kwa niaba ya wanachama.