Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Magari ya Rimoti, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Nianze na msiba. Tarehe 18 Julai mwaka huu Shunsaku Tamiya, aliyeiongoza kampuni ya Tamiya ya Japani inayotengeneza mifano na magari ya rimoti, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 90. Karibu kila gari linalowekwa mezani kwetu siku ya mazoezi lina zile nyota mbili za kampuni yake, nyekundu na ya buluu, na wengi wetu tulizifahamu nyota hizo kabla hatujaweza kulisoma jina lenyewe. Mkutano uliofuata hatukukimbiza gari hata moja. Tulivuta viti tukazungumza habari zake mpaka giza likaingia. Mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa hoja mtakayoipigia kura leo, ya jinsi ya kutumia akiba yetu, kwa hiyo taarifa yangu itakaa huko zaidi. Hesabu atazisoma mhazini. Kuhusu uwanja niseme tu kwamba masika yalitupotezea wiki nyingi, na kona ya chini bado inahitaji kifusi.

Vijana walishangaa kusikia kwamba kampuni hii ilitokana na mbao. Baba yake, Yoshio Tamiya, alianzisha biashara ya kupasua mbao mjini Shizuoka, Japani, mwaka 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita. Baadaye wakaongeza mifano ya meli ya mbao. Moto ukateketeza shehena yao mwaka 1951, na miaka miwili baadaye wakaachana kabisa na uuzaji wa mbao. Nako kwenye mifano hakukuwa na mteremko. Plastiki ilipoingia, mbao zikakosa wanunuzi. Mwaka 1960 wakatoa manowari Yamato ya plastiki, mshindani akatoa manowari hiyohiyo kwa bei nafuu, wakala hasara. Kilichowasimamisha ni kifaru cha Kijerumani, Panther, chenye mota ndani yake. Kile kipimo cha 1/35, yaani mfano mdogo mara 35 kuliko kifaru chenyewe, ambacho leo kimechapwa kwenye masanduku ya vifaru ya makampuni mengi kilizaliwa hapo: walitafuta kwanza nafasi ya mota na betri, bodi ikafuata ukubwa huo. Naomba mlishike hilo, kwamba chombo kilipimwa kuanzia ndani.

Gari lao la kwanza la rimoti lilikuwa Porsche 934 la ukubwa wa 1/12, mwaka 1976. Shunsaku hakuridhika na picha. Alinunua Porsche 911 ya kweli akaifumua kipande kwa kipande ili aielewe. Lile dogo likauzwa zaidi ya magari 100,000 katika mwaka wake wa kwanza. Lakini lilikuwa gari la lami. Ukilipeleka kwenye mchanga, limekwama.

Aliyelitoa gari la rimoti kwenye lami, kwa upande wa Tamiya, ni Fumito Taki, na ndiye ninayetaka tumjue vizuri. Majina ya magari yake tunayo midomoni kila wiki, lakini nilipouliza uwanjani ni nani aliyeyabuni, alijibu mmoja tu.

Mwaka 1979 yalitoka Rough Rider na Sand Scorcher, magari mawili juu ya chesisi ya namna moja. Sand Scorcher ni Volkswagen Beetle ya jangwani. Taki hakuishia kwenye sura ya Beetle. Mikono ya mbele ya gari lile, ile inayoshika magurudumu, inainuka na kushuka kama ya Beetle yenyewe, vipande vya alumini ya kusubu vikishikana na chuma kinachojipinda badala ya springi za kawaida. Shokomzoba zake zina oili ndani. Rimoti na betri vimefungiwa kwenye kisanduku kisichopitisha maji, chenye mfuniko unaoonyesha ndani, ili mtu akilipitisha kwenye dimbwi arudi nyumbani na gari linalotembea. Aliyebuni kisanduku kile alimfikiria mtu mmoja aliyesimama ufukweni na gari la pekee alilo nalo.

Gari lile lilikuwa zito, na la bei. Hapo ndipo ninapomheshimu Taki zaidi. Wengi wangeendelea kuongeza alumini. Yeye mwaka 1984 akaja na Grasshopper, na mwaka huohuo na Hornet. Ukifungua Hornet unaona jinsi alivyopunguza. Fremu ni beseni moja la plastiki. Nyuma, giaboksi na mota vimekaa pamoja na ekseli, na vyote hivyo vinacheza kama kitu kimoja juu ya springi mbili. Vipande ni vichache, skrubu ni chache, mtoto anaweza kulimaliza kwa siku moja au mbili akiwa na bisibisi na mtu mzima wa kumsomea mchoro. Kwenye matuta linarukaruka nyuma kama mbuzi, na fundi yeyote wa mashindano atakwambia huo ni upungufu. Ni kweli. Lakini huo ndio uliofanya gari liwe rahisi kujengwa, rahisi kutengenezwa, na rahisi kununuliwa na mzazi wa kawaida.

Wild Willy la mwaka 1982 ni lake pia: jipu fupi, zito nyuma, lenye dereva mnene usukani. Ukikanyaga mafuta linainua tairi za mbele. Mwenzetu mmoja mzee bado analo, na likianza kukimbia uwanja wote unasimama.

Sisemi kwamba njia hii ilishinda mbio. Mwaka huohuo wa Hornet, 1984, kule California, kampuni ya Associated ilitoa RC10 iliyobuniwa na Roger Curtis, yenye chesisi ya alumini ya rangi ya dhahabu, gari lililofikiriwa kwa ajili ya mashindano tangu skrubu ya kwanza. Mwaka 1985 likatwaa ubingwa wa dunia. Tamiya nao walijaribu kujibu kwa Avante mwaka 1988, gari zuri ajabu, ghali, lenye viungo vingi, na kwenye mbio halikufika walikotarajia. Lakini Hornet lilirudishwa madukani mwaka 2004, Grasshopper mwaka 2005, Sand Scorcher mwaka 2010. Kwa chama kama chetu hilo lina maana kubwa: vipuri vyake bado vinatengenezwa.

Tulilithibitisha wenyewe. Mwezi Agosti mwanachama alileta Hornet la marehemu mjomba wake, lililokaa stoo miaka mingi, giaboksi imekauka na mkono mmoja umevunjika. Tuliwakabidhi vijana. Kosa lililotokea siku ile nalibeba mimi: niliwapa bisibisi za kawaida za msalaba. Skrubu za Kijapani zina msalaba unaofanana na huo, lakini mkato wake ni tofauti kidogo, na bisibisi isiyo yake inateleza na kuula. Tuliharibu kadhaa kabla hatujasimama. Sasa tuna seti sahihi kabatini, na naomba isichanganywe na nyingine.

Kazi iliwachukua Jumamosi tano. Binti wa miaka 12, ambaye siku zote alikuwa anasubiri kaka yake amalize zamu ya rimoti, ndiye aliyeelewa kwanza jinsi difu inavyoruhusu tairi moja kuzunguka zaidi ya nyingine kwenye kona. Aliwaeleza wenzake kwa kushika tairi moja na kuizungusha ya pili. Nimekuwa mwanachama tangu chama kianze, na sijawahi kuona meza yetu imetulia vile.

Nakuja kwenye hoja. Kamati imepokea mapendekezo mawili juu ya akiba yetu. La kwanza ni kununua magari mawili ya kisasa, yaliyokwisha kuunganishwa, yenye kasi kubwa, ili tuvute watazamaji. La pili ni kununua Grasshopper mapya ambayo hayajaunganishwa, kadiri fedha itakavyofika, pamoja na grisi, bisibisi na mikono ya akiba, vijana wajenge wenyewe wawili wawili. Waliotoa pendekezo la kwanza ni watu wenye nia njema, na hoja yao kuhusu watazamaji ina uzito. Mimi naunga mkono la pili, na sababu yangu mmekwisha isikia.

Karatasi za kura anazo katibu. Kabla hamjaandika, tafadhali piteni meza ya nyuma. Lile Hornet liko pale, bodi imevuliwa, na vijana waliolijenga wamesimama pembeni kujibu maswali. Baada ya hapo mhazini ataendelea.

Mwenyekiti wenu