Sahibu, dozi usiikate

Kwahani, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh,

Sahibu yangu, natumai hujambo, na mama watoto na Bi Mkubwa hawajambo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, joto tu. Simu ninayo, lakini kila nikikupigia ama uko juu ya mkarafuu ama uko barazani na watu, na mambo haya si ya kupaziwa sauti. Nimempa Baba Raya barua hii akutie mkononi akishuka Mkoani, huko Pemba.

Yeye ndiye aliyenipa khabari. Kanambia ulishikwa na homa ya kutetemeka, mkojo ukawa watoka kwa tone na unaunguza, kinena na msamba vikakuuma hata kukaa huwezi. Daktari akasema tezi dume imevimba kwa vijidudu, akakuandikia sipro, ile antibaiotiki, ya wiki 4. Hapo nilishukuru. Kisha Baba Raya akaniambia kuwa homa ilipopoa tu vidonge ukavitia kabatini, na sasa unakunywa mizizi aliyokuletea yule bwana wa Micheweni. Tangu nisikie hayo sijatulia.

Homa kushuka si kupona, ndugu yangu. Tezi ile dawa huipenya kwa shida, na vijidudu hupata pa kujificha. Ndiyo maana dozi yake haifanani na ya mkojo mchafu wa kawaida: uvimbe wa ghafla hutibiwa wiki 2 mpaka 4, na ukishakuwa sugu ni wiki 4 mpaka 6, pengine zaidi. Ukikata njiani wanakufa wadudu dhaifu, wakaidi wanabaki, na wakirudi huenda sipro isiwafanye kitu. Au panafanya jipu ndani ya tezi, litolewe usaha. Au mkojo unaziba kabisa. Miye nilipougua niliwekewa mpira wa kutolea mkojo, unajua, na maumivu ya saa zile kabla ya mpira simtakii hata adui, seuze wewe.

Mizizi siitukani, wazee wetu wameishi nayo. Lakini kuichanganya na dawa za hospitali bila daktari kujua ni hatari, na kuishika peke yake ukaacha sipro ni kumpa mdudu nafasi.

Tena wala usivirudie vidonge kwa akili yako. Rudi kwa daktari yule yule, umwambie siku uliyoacha, na umuombe mkojo uoteshwe maabara. Hapo ndipo wanapojua ni mdudu gani na dawa gani inamuua. Mara nyingi ni E. koli, mdudu wa utumboni mwetu wenyewe. Nakwambia hili kwa sababu Baba Raya anasema shemeji hujamweleza, unaogopa atadhani umetoka nje ya ndoa. Kisonono na klamidia kweli zinaweza kufika huko, na daktari atapima, lakini mwenye tezi iliyovimba si lazima awe amezini. Mke wangu nilimwambia siku ile ile, na yeye ndiye aliyekuwa akinitilia maji ya vuguvugu kwenye beseni nikae. Yale maji yananyamazisha maumivu, jaribu.

Na hii hofu ya saratani nani kakutia? Kuvimba huku si saratani. Maradhi haya yanawashika sana wanaume wa chini ya miaka 50, rika letu. Kile kipimo cha damu cha PSA, cha kutafutia saratani ya tezi, unachotaka kuja kufanya hospitali ya Mnazi Mmoja, kingoje kwanza: tezi ikiwa imevimba PSA inapanda yenyewe, utapata namba ya kukukosesha usingizi bure. Daktari wangu alinambia tusubiri kama wiki 6 mpaka 8 baada ya dozi kwisha.

Jambo jingine la mikarafuu. Sipro ina tabia ya kudhoofisha kano, khasa ile ya kisigino, hata ikakatika. Ukirudishiwa hiyo, ngazi na matawi wawachie vijana, na ukihisi kisigino kinauma, acha kidonge na umuone daktari upesi. Usimeze kwa maziwa wala mtindi, dawa haitaingia mwilini sawasawa. Na zile funga zako za Jumatatu na Alhamisi ziache kwanza, unywe maji. Mgonjwa ana ruhusa hata ndani ya Ramadhani, sembuse sunna.

Nilitaka pia... naam, kichocho. Tulivyokuwa tukioga mtoni tukitoka skuli, sote wawili! Mkojo ukiwa na damu mwambie daktari wazi kuwa umekulia Pemba, apime na hilo. Dawa yake ni prazikwanteli, sipro haikigusi kichocho.

Ikiwa mkojo utaoteshwa na asionekane mdudu, na maumivu yamekaa miezi, hapo ni aina nyingine, na ndiyo iliyo nyingi miongoni mwa zile sugu. Hiyo antibaiotiki haiisaidii kitu, inatakiwa dawa ya maumivu, ya kulegeza njia ya mkojo, na mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga. Lakini wewe ulikuwa na homa na baridi. Yako ilikuwa ya vijidudu, na dozi uliiacha. Hapo ndipo ninaporudi kila nikilala.

Homa ikirudi, au mkojo ukigoma, usingoje kukuche. Mwambie mtoto wa Bi Mize akupeleke hospitali ya Abdalla Mzee usiku huo huo, mafuta ya gari nitalipa miye.

Sasa nijibu: vidonge umeacha tangu lini, na vimebaki vingapi? Unaamka mara ngapi usiku? Mkojo una damu? Ile mizizi bado unainywa? Shemeji utamwambia wewe au nimwambie mke wangu azungumze naye? Na nauli ya kwenda hospitali unayo, au unanificha? Nijibu kupitia Baba Raya, anarudi Jumamosi.

Nduguyo,
Abuu