Barua kwa sahibu anayetaka kupima maji

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na nimefurahi kusikia kwamba mradi wako wa sayansi ni kupima bakteria kwenye maji. Nilipomaliza wangu niliapa sitagusa tena sahani ya petri, kile kisahani cha kuoteshea bakteria, ila barua yako imeniamshia hamu, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na swali lako. Umeandika unataka kujua "kama maji ni safi". Walimu watakubana hapo hapo: safi kwa maana gani? Maji yana bakteria wa kila namna na wengi wao hawana ugomvi na mtu. Unachotafuta ni dalili kwamba kinyesi kimeingia, na shahidi wake ni bakteria aitwaye E. coli, anayeishi kwenye utumbo wa binadamu na wanyama. Aina nyingi za E. coli hazidhuru, lakini njia aliyopita yeye, vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo navyo vinaweza kuipita. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Usimchanganye na kundi zima la kolifomu, yaani bakteria ambao E. coli ni mmoja wao tu, maana baadhi yao makazi yao ni udongoni na kwenye majani.

Hiyo 100 ishike sana. Ukidondosha mililita 1 kwenye sahani usione kitu, umepima sehemu moja tu ya mia. Maji yenye E. coli 20 katika mililita 100 yatakupa sahani tupu mara nyingi kuliko yatakavyokupa koloni (kidoti cha bakteria walioota pamoja), na hapo ndipo mtu anapoandika "maji ni salama" kwa wino mwekundu. Kama shule yenu ina vichujio vya utando vyenye matundu ya mikromita 0.45, chuja mililita 100 zote kisha ulaze utando juu ya agari, lile rojo lililoganda la kuoteshea bakteria. Kama haina, andika tu "hakuna aliyeonekana katika mililita 1". Mimi nikiwa jaji ningelipa sentensi hiyo maksi nyingi kuliko bango lolote la kupendeza.

Maji ya mto yana shida ya kinyume: makoloni hujaa hadi yakashikana, hayahesabiki. Zimua. Mililita 1 ya sampuli ndani ya mililita 9 za maji yaliyotakaswa ni moja kwa kumi. Chukua mililita 1 ya hayo urudie, umefika moja kwa mia. Hesabu sahani inayohesabika, halafu zidisha kwa kumi au kwa mia, kulingana na ulivyozimua.

Nguvu zako nyingi ziishie kwenye kuchota. Chupa iwe imetakaswa kwa joto, wala usiisuuze kwa maji unayoyapima. Kifuniko kishike kwa nje, usikiweke chini, na usijaze hadi pomoni, maana utahitaji kuitikisa. Kama shida yako ni maji yanayokuja na bomba, si uchafu wa mdomo wa koki, yaache yatiririke dakika mbili tatu kwanza. Maji yenye klorini yanataka chupa iliyotiwa sodiamu thiosulfati kidogo. Bila thiosulfati hiyo, klorini itaendelea kuua bakteria njiani, nawe utayasifu maji kwa sifa isiyo yake. Baada ya hapo ni kisanduku chenye barafu na mwendo wa haraka. Ukiweza kupima ndani ya saa 6, vizuri sana.

Usisahau sahani ya kulinganishia: maji yaliyotakaswa, yapitishwe hatua zilezile na vyombo vilevile. Kikiota kitu humo, matokeo yote ya siku hiyo hayaaminiki. Wengi huiruka, nadhani kwa sababu sahani tupu haina mvuto kwenye picha.

Sahani zikae kwenye inkubeta (kabati la joto) saa 24, nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi, zikiwa kifudifudi. Mvuke huganda matone kwenye kifuniko, na tone moja likiangukia koloni hulitandaza kwenye sahani nzima, huna tena cha kuhesabu. Ile agari tuliyotumia sisi ilimwonyesha E. coli kwa vidoti vya buluu iliyokolea na kolifomu wengine kwa waridi, lakini rangi hutegemea aina ya agari, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nayo.

Zifunge kwa utepe na usizifungue tena. Hesabu makoloni sahani ikiwa imefungwa. Na usifanyie jikoni, hata kama agari yenyewe ilitokea huko: Fanny Hesse aliijua kwenye mapishi, akampa wazo mumewe aliyekuwa kwenye maabara ya Robert Koch, mtaalamu wa bakteria, mwaka 1881. Ukimaliza, mwalimu aue bakteria wa sahani kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo), nyuzi 121, kabla hazijatupwa.

Jambo la mwisho ni kisima cha watu. Ukikuta E. coli, chota tena upime upya, kisha mwambie mwenyewe kabla hujabandika chochote ukutani, na umwambie wachemshe ya kunywa wakati wanatafuta chanzo. Kwenye bango andika "kisima A". Mwenye kisima hakuomba kuwa maonyesho.

Niambie kama vichujio vipo. Kama havipo nitamwuliza mwalimu wetu, ana pakiti haijaisha.

Wako daima,
Sahibu yako