Mfuko wa nyongo umevimba kiasi gani? Usiitazame ALP peke yake

Wengi wenye uvimbe wa mfuko wa nyongo wanaoletewa majibu yao hapa maabara yetu ya Chake Chake, Pemba, huenda moja kwa moja kwenye ALT, AST, ALP na GGT. Hivyo ni vimeng'enya vya ini, na vinaweza kuwa sawa kabisa huku mfuko wa nyongo umejaa usaha. ALP na GGT hupanda hasa nyongo inaposhindwa kuteremka, kwa mfano kijiwe kikitoka mfukoni na kuziba mrija mkuu. Zikipanda pamoja na bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo, daktari atataka mrija uchunguzwe kabla ya upasuaji. ALP hutoka pia kwenye mifupa ya mtoto anayekua na kwenye kondo la mjamzito; GGT haipandi kwa sababu hizo, ndiyo maana tunazipima pamoja. Lipesi, kimeng'enya cha kongosho, ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu na tumbo linauma, kongosho nalo limeshavimba.

Ukali wa uvimbe wa mfuko wa nyongo unasomwa kwingine. Kwa mwongozo wa Tokyo wa 2018, seli nyeupe zikizidi 18,000 kwa mikrolita, au maumivu yakipita saa 72, ugonjwa umefika daraja la pili kati ya matatu. Kreatinini (kipimo cha figo) ikivuka 2 mg/dL au chembe sahani (zinazogandisha damu) zikishuka chini ya 100,000, ni daraja la tatu: viungo vingine vimeanza kushindwa. Kwa hiyo ukiandikiwa vipimo vya ini tu, muulize daktari kuhusu picha kamili ya damu, CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) na kreatinini.

Sampuli nayo hudanganya. Damu iliyotoka Konde ikirushwarushwa garini kwenye joto, chembe nyekundu hupasuka, AST na LDH, vimeng'enya vilivyomo pia ndani ya chembe hizo, zikapanda bure. Anayeitoa aiache igande dakika 30, izungushwe kwenye sentrifuji ndani ya saa 2 tangu itolewe, kisha kichupa kifungwe foili, maana mwanga huila bilirubini. Majimaji ya juu yakiwa mekundu tutaomba damu nyingine, tafadhali usikasirike.

Mwenye sikoseli atuambie mapema. Bilirubini yake huwa juu hata siku za kawaida, na vijiwe humpata angali mdogo.

Altrasaundi inataka njaa ya saa 6 hadi 8. Aliyefunga Ramadhani aje alasiri, yuko tayari.

Lakini ukiwa na homa ya kutetemeka, macho ya manjano au unachanganyikiwa, usipitie kwetu. Nenda moja kwa moja hospitali yenye upasuaji, kama Abdalla Mzee pale Mkoani. Damu utatolewa hukohuko.